AG 100 ya Masisi: Kiwanda Kimeiacha, Milima Bado Inaitaka

Naanza na mnyororo, kwa sababu ndio ulionimalizia ubishi wote wa bei. Hauonekani! Umefichwa mzima, kutoka injini hadi gurudumu la nyuma, ndani ya kasha lililofungwa kila upande. Nilichomoa kizibo cha mpira, nikachungulia, nikauona umelowa grisi, hauna chembe ya tope. Anayeijua barabara inayotoka Sake, ikapanda Mushaki, ikafika Masisi-centre na Nyabiondo, kisha ikateremka msituni kuelekea Walikale, ataelewa kwa nini moyo ulinidunda. Kwenye njia ile mnyororo ulio wazi hujaa udongo na changarawe tangu asubuhi ya kwanza ya mvua, na meno ya sproketi huanza kuchongoka kabla hujalizoea tandiko. Huu uliokuwa mbele yangu umekaa ndani ya nyumba yake miaka yote hiyo, bila tope.

Yamaha AG 100! Hatimaye ninayo, iko uani, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya jana, na siwezi kuketi bila kuisimulia.

Kwa asiyeijua: hii ni pikipiki ya wafugaji. Yamaha waliileta katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mashamba ya Australia na New Zealand, kwa watu wanaozunguka malishoni siku nzima nyuma ya ng'ombe na kondoo. Injini ni ya silinda moja, mipigo miwili, cc 97, inapozwa na upepo, na inawashwa kwa kiki tu. Hakuna redieta ya kutobolewa na jiwe, wala starta ya umeme ya kukusaliti ukiwa katikati ya msitu. Sasa kiwanda kimeacha kuiunda, na mashamba yale ya kusini yanauziwa AG 125 ya mipigo minne. Kwa hiyo kila AG 100 unayoiona leo ni ya mkono wa pili, wa tatu au wa nne, na kila moja imepitia mikono ya mafundi wenye mawazo yao.

Na fikiria imeangukia wapi! Masisi ni nchi ya ng'ombe. Vilima vya malisho vinapanda na kushuka hadi jicho linachoka, nyaya za ranchi zinakata mabonde, na jibini la huku linauzwa Goma na mbali zaidi. Pikipiki iliyobuniwa kwa ajili ya malisho upande wa pili wa dunia ililetwa kwetu na mashirika ya misaada na huduma za afya. Ilipochoka kazi ya ofisi ikauzwa, na sasa imefika malishoni kwelikweli. Mimi nasema imefika nyumbani.

Itazame kwa makini. Ina stendi za pembeni mbili, moja kushoto, moja kulia. Mtu wa tambarare atauliza za nini. Simama kwenye mteremko wa Matanda na mzigo nyuma, barabara imelalia upande mmoja, ndipo utajua: unachagua stendi inayoikubali ardhi, pikipiki inasimama, unashuka bila kuita watu waje kukushikia. Klachi ina kishikizo kidogo cha kuifunga ikiwa imebanwa. Mfugaji wa New Zealand alikihitaji ili afungue geti la zizi huku injini inaunguruma, nami nimekitumia kwenye kizuizi cha kamba, mkono mmoja ukitafuta karatasi mfukoni. Vilinda mikono ni vya chuma, vinasukuma matete na miba. Chini ya injini kuna vyuma vya kuikinga na mawe. Mtu aliyekaa kuibuni pikipiki hii aliwahi kuanguka topeni, hilo naliapia.

Sasa nije kwenye kazi ya mafundi, maana hapa ndipo pumzi inaponikatika. Aliyeimiliki kabla yangu alikuwa mchuuzi wa jibini, na fundi wa Sake aliigeuza kwa ajili ya biashara hiyo. Kibebea mizigo cha nyuma kimerefushwa kwa nondo za ujenzi. Lakini angalia ilivyochomelewa! Mafundi wengi huegemeza uzito wote kwenye mkia wa fremu, na mkia hupasuka. Huyu ameteremsha miguu miwili ya chuma mpaka karibu na vikanyagio vya abiria, uzito ukashuka chini na kusogea mbele. Juu yake limefungwa sanduku la mbao za mkaratusi, mti ule ule wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, limekazwa kwa bolti na si misumari, lina matundu ya upepo ili jibini lisitoke jasho. Nyuma ya kila gurudumu kuna ulimi wa mpira wa tairi kuukuu, kama ule ambao vijana wa chukudu wanapigia goti. Kibebea cha mbele kimeongezwa duara la chuma ambalo bidoni ya lita 5 inakaa bila kucheza. Tandiko limejazwa sponji upya na kufunikwa turubai la lori. Usukani umeinuliwa, unaweza kuendesha umesimama bila kuinama. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichowekwa kwa urembo, na bado ni pikipiki nzuri kuliko zote nilizowahi kuzigusa.

Fundi mwenyewe alifungua kifuniko cha pembeni na kunionyesha kitu ambacho alikuwa anakionea fahari kuliko nondo zake.

"Papa, pompi yake ya mafuta hatukuitoa. Wengine wanaitoaka, wanachanganya kwa mkono. Hii tuliichunga."

"Aksanti, fundi. Aksanti sana."

Nilishukuru kwa dhati, na anayetaka kununua AG 100 asome hapa polepole. Injini ya mipigo miwili haina mafuta ya kulainisha yanayokaa chini kama ya mipigo minne. Mafuta hayo huingia pamoja na petroli na kuungua nayo. Yamaha waliweka tangi dogo la pekee na pampu inayoyasukuma kulingana na mzunguko wa injini na mkono wako kwenye gesi. Pampu ikiharibika, watu wengi huitupa na kumwaga mafuta moja kwa moja ndani ya petroli. Kwenye barabara ya tambarare utaishi hivyo miaka mingi. Lakini teremka kutoka Mushaki hadi Sake! Kilomita baada ya kilomita umefunga gesi, gurudumu ndilo linaloizungusha injini. Gesi ikifungwa petroli haiingii ila tone, na kama mafuta yako yamo ndani ya petroli, basi nayo hayaingii. Pistoni inakimbia kavu. Wenye pampu nzima, injini zao zinaendelea kulainishwa kwa sababu pampu inazungushwa na injini yenyewe. Kwa hiyo kwenye vilima vyetu pampu si anasa. Iulize kabla hujauliza bei.

Jambo la pili ni jeti ya kabureta, na hapa Masisi na Walikale ni dunia mbili. Vilele vya Masisi vinapita mita 2,000, hewa ni nyepesi, pungufu kwa kama moja ya tano kuliko pwani ya bahari. Hewa ikipungua, petroli ile ile inakuwa nyingi mno. Injini inakohoa, moshi unakuwa mzito, plagi inalowa na kuwa nyeusi. Fundi wa milimani huweka jeti ndogo, na pikipiki inaimba. Kisha mwenye pikipiki anapata safari ya Walikale. Anapita Nyabiondo, anapita Kashebere, malisho yanakwisha, miti inamfunika, joto linapanda, na mji wa Walikale wenyewe uko chini ya mita 1,000, kando ya mto Lowa. Hewa ya huko ni nzito. Jeti ile ndogo sasa inatoa petroli kidogo kuliko hewa inavyotaka, injini inachemka, na siku mbaya pistoni inashikamana na silinda katikati ya matope, mbali na kila fundi.

Yangu ilikuja na jeti mbili, ya pili imefungwa ndani ya kitambaa kwenye kisanduku cha vifaa! Nilipokiona kile kitambaa nilijua kwamba mwenye pikipiki aliyenitangulia na fundi wake ni watu wa barabara hii kwelikweli. Kubadilisha ni kazi ya dakika chache, bisibisi na subira. Kisha soma plagi: ikiwa na rangi ya kahawia, endelea na safari, ikiwa nyeupe kama majivu, simama ukaongeze jeti.

Na inaendaje? Ah! Injini ndogo, sauti kali, na gia ya kwanza iliyo fupi kiasi kwamba unapanda ukuta wa udongo kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kuichoma klachi. Mwili wake ni kama kilo mia moja hivi. Ikianguka unaiinua peke yako. Ikizama kwenye shimo la malori, watu wawili wanaitoa, nayo inawaka kwa kiki ya kwanza au ya pili. Magurudumu ni membamba, na topeni wembamba huo ni baraka, yanakata hadi kufikia udongo mgumu badala ya kuelea. Hata sanduku likiwa limejaa, haikuyumba. Nilipita watu waliokuwa wamesimama na pikipiki mpya kubwa, zenye nguvu kuliko yangu, wakichokora tope kwenye mnyororo kwa vijiti. Nilisalimia, nikapita. Moyoni nilikuwa naimba.

Haina kasi, na anayetaka kasi aitafute kwingine. Breki zote mbili ni za dramu. Zikilowa kwenye kijito zinahitaji kubanwa polepole mpaka zikauke, na kwa kuwa injini ya mipigo miwili haikushikilii sana mteremkoni, breki hizo hizo ndizo zinazobeba kazi yote. Taa ni hafifu. Inakunywa petroli kuliko za mipigo minne, na mafuta yake ya kulainisha lazima uyabebe mwenyewe, kwa sababu si kila kibanda cha Mubi au Nyabiondo kitakuwa na yale yanayofaa. Ringi na pistoni utazitafuta Goma, na zikikosekana utamwagiza mtu anayekwenda soko la Kisekka, Kampala. Hayo yote nayajua, na bado ningeinunua tena.

Watu wanaogopa neno hili, kwamba kiwanda kimeiacha. Mimi silioni kuwa tishio kubwa. Ubelgiji, iliyotutawala, ilikuwa na viwanda vitatu vya pikipiki vyenye sifa pale Herstal, karibu na Liège: FN, Saroléa na Gillet. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 vyote vitatu vilikuwa vimeacha kuziunda, na wapenzi wake wanaziendesha hadi leo kwa vipuri vya kuchongwa. FN na Gillet sijawahi kuziendesha, lakini AG 100 ina faida juu ya wazee hao: ziko nyingi, ni rahisi kuzielewa, na kila fundi kutoka Sake hadi Walikale amewahi kufungua moja. Bushi za uma wa nyuma zinachongwa. Waya wa klachi unasukwa kutoka waya wa baiskeli nzito. Kinachohitaji kiwanda kwa lazima ni kidogo sana, na hicho ndicho cha kununua akiba mapema.

Kuna sharti moja ambalo silegezi. Vita vilifika Masisi-centre Januari 2025 na Walikale-centre Machi mwaka huo huo. Watu walikimbia wakiacha nyumba na mali, na pikipiki ni kitu cha kwanza kuchukuliwa. Kwa hiyo namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu lazima ifanane na ile ya kwenye karte roze, karatasi ya umiliki. Muuzaji akikosa karatasi, aje na majirani wanaomfahamu na mwandiko wa mauzo wenye sahihi za mashahidi. Namba ikiwa imekwanguliwa, ondoka hata kama bei ni ya kutupa. Huenda mwenyewe yuko kambini anaiwaza. Yangu ilikuwa na karatasi zote, tangu ilipotoka kwenye shirika hadi kwa mchuuzi wa jibini, na hilo lilinipa raha kuliko injini.

Nililipa dola 600, sanduku la mkaratusi likiwemo, na nilipomaliza kuhesabu noti nilimwambia muuzaji kwamba ameniuzia kwa bei ya rafiki. Kwa anayeishi mjini Goma na kupita kwenye lami, kuna pikipiki zinazomfaa zaidi. Kwa mwalimu wa Nyabiondo, muuguzi wa kituo cha afya kilicho mbali na barabara, mfugaji wa Masisi, mchuuzi anayeteremka Walikale na kurudi, sijaona chombo bora zaidi ya hiki, kipya au kikuukuu.

Basi, msomaji, ukiiona moja imeegemea ukuta na bango la kuuzwa, fungua kifuniko cha pembeni uitafute pampu, chomoa plagi uisome, linganisha namba na karatasi. Vyote vikiwa sawa, lipa siku hiyo hiyo. Nyingine hazitaundwa.