Njuga Mlangoni, Komeo Juu

Mtoto wa miaka miwili ana kimo cha sentimita 86 hadi 88 hivi. Akinyoosha mkono na kusimama kwa ncha za vidole anafika mita moja na ushee, yaani kitasa cha mlango wa kawaida anakishika bila taabu. Mpe kiti cha plastiki, kile kisichokosekana katika nyumba yoyote ya uswahilini, na sentimita 45 nyingine zinaongezeka. Hesabu hiyo ndiyo iliyomfanya jirani yangu mmoja wa Tandika, seremala kwa kazi, ang'oe komeo la mlango wa uani lililokuwa usawa wa kiuno na kulipandisha hadi sentimita 160 kutoka sakafuni. Ukiingia kwake leo ndilo utakaloliona kwanza. Lakini lilikuwa jambo la mwisho kufanyika, na ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Nyumba yenyewe ni ile tunayoijua: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, mlango wa mbele unaotazama barabara, na wa nyuma unaotokea uani kwenye choo, jiko na maji. Familia ya seremala imepanga vyumba viwili. Vilivyobaki vina wapangaji wengine. Mtoto wao wa miaka miwili alikuwa akilala na mama yake mpaka mdogo wake alipozaliwa, ndipo akahamishiwa kwa bibi, ng'ambo ya korido. Uzururaji ukaanza hapo. Usiku anashtuka, anapenya chini ya chandarua, anafungua mlango na kumfuata mama. Kwa kawaida alikuwa anafika. Usiku mmoja alipitiliza na korido hadi uani, na mpangaji aliyekuwa anarudi kutoka zamu akamkuta amechutama kando ya ndoo ya maji.

Shauri la kwanza alilopewa baba, na ambalo familia nyingi huishia nalo, ni bibi ajifungie kwa ufunguo na kuulalia. Mtoto hatoki, kazi imekwisha. Seremala alilikataa, na naona alifikiri vizuri kuliko washauri wake. Chumba cha bibi kina dirisha moja lenye nondo za kuzuia wezi, kwa hiyo mlango ndiyo njia pekee ya kutokea. Ndani kuna ekstensheni inayolisha feni na chaja ya simu. Umeme ukikatika huwashwa kibatari. Siku moshi ukijaa chumbani, bibi kizee atapapasa ufunguo chini ya mto, gizani, na mjukuu begani. Seremala akajiwekea sharti: mlango wowote ulio kati ya mtu na njia ya kutokea usifungwe kwa kitu ambacho mtu mzima aliye ndani hawezi kukifungua kwa mkono mmoja bila kuona. Yote yaliyofuata yalitoka kwenye sharti hilo, kwa sababu ukishakataa kumfungia mtoto, inabidi uirekebishe nyumba anayozurura.

Walianza na sababu za kutoka. Usingizi wa mtoto mdogo huenda kwa mizunguko ya kama saa moja, na kila mzunguko ukiisha huwa karibu na kuamka. Aliyesinzia mapajani mwa mama akaja kuzinduka kwenye kitanda kingine atamtafuta mama. Hilo si utundu. Basi mama akaanza kwenda kumlaza palepale kwa bibi, asinzie akijua yuko wapi. Poti ikawekwa pembeni ya kitanda, na kikombe cha maji juu ya stuli. Chandarua kikawa kinachomekwa chini ya godoro pande zote, jambo ambalo lilipaswa kufanywa tangu zamani kwa ajili ya mbu, na ambalo sasa liliongeza dakika kadhaa za purukushani ambazo bibi angeweza kuzisikia. Mambo haya hayakugharimu karibu chochote, na kwa maelezo ya wazazi wenyewe ndiyo yaliyopunguza safari nyingi zaidi.

Kupunguza si kumaliza, kwa hiyo wakaenda uani. Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana watu wengi huogopa mlango kuliko ndoo.

Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili: kama sehemu moja ya tano ya kimo chake chote, wakati cha mtu mzima ni kama moja ya saba au ya nane. Akiinama kwenye ndoo ya lita 20 kuchezea maji, uzito ulio juu humvuta, anaingia kichwakichwa, na mikono haina nguvu ya kumrudisha. Ndoo tupu ingeanguka naye. Yenye lita kumi na zaidi za maji imeshakuwa na uzito unaokaribia wake, kwa hiyo husimama imara na kumshikilia. Kina cha sentimita tano tu kinatosha kuziba pua na mdomo. Tena hakuna kelele: anayezama namna hii hana pumzi ya kulia, na anayelala chumba cha tatu hasikii kitu.

Katika mitaa yenye mgao wa maji huwezi kumwambia mtu asihifadhi maji. Seremala hakuyapunguza, alibadili vyombo. Maji ya akiba yakahamia kwenye madumu, kwa kuwa mdomo wa dumu haupitishi kichwa cha mtoto. Jaba kubwa likabaki, lakini alilitengenezea mfuniko wa mbao mzito wenye kishikizo pembeni. Ndoo na mabeseni yakawa yanafudikizwa kabla ya kulala. Utaratibu huu wa mwisho ndio dhaifu kuliko yote, kwani unategemea wapangaji wa vyumba vinne ambao hawana mtoto mdogo na wanaochota maji ya kuogea saa sita usiku. Mfuniko hausahau, ila binadamu aliyechoka husahau. Ningekuwa mimi, ningetoboa jaba na kulitia koki ili ndoo isiwe na sababu ya kukaa imejaa.

Mafuta ya taa yalikuwa kwenye chupa ya soda chini ya meza ya jikoni, kama ilivyo kwenye majiko mengi. Yakapandishwa juu ya kabati, kwenye kidumu chenye kifuniko cha kuzungusha. Mzazi anapaswa kujua kwa nini mtoto aliyekunywa mafuta hatapishwi: ni mepesi mno, na yakipanda kooni kwa mara ya pili huteleza kwa urahisi kuingia kwenye mapafu, ambako huunguza vibaya zaidi kuliko tumboni. Anapelekwa hospitali na chupa ile ile aliyoinywea.

Dawa zilihitaji jicho kali zaidi. Mama aliyejifungua karibuni alikuwa na vidonge vya madini ya chuma alivyobakiza kutoka kliniki, vyekundu, vyenye ganda laini kama peremende. Vichache tu huweza kumdhuru vibaya mtoto wa kilo 12. Mwaka 1967 daktari wa watoto huko Windsor, Kanada, Henri Breault, alikuja na kifuniko cha chupa cha kubonyeza na kuzungusha, ambacho vidole vya mtoto hushindwa. Uvumbuzi mzuri sana, ila duka la dawa la mtaani linatoa vidonge kwenye bahasha ya karatasi au kimfuko cha nailoni, na hapo hakuna kifuniko cha kubonyeza. Jibu la seremala lilikuwa kisanduku cha mbao chenye kufuli, kimepigiliwa ukutani juu ya kichwa chake mwenyewe. Hapa kufuli halina ubishi, kwa sababu hakuna anayekimbia moto kwa kupitia sanduku la dawa.

Baada ya hapo ndipo walipofika kwenye milango, wakaipa sauti. Mlango wa bibi umefungwa njuga tatu kwa waya kwenye kitasa, upande wa nje, juu. Ukifunguliwa taratibu zinalia kiasi cha kumwamsha mama ng'ambo ya korido, bila kumwamsha mpangaji wa mbele. Mtu mmoja alipendekeza njuga avishwe mtoto mguuni, na nashukuru hawakumsikiliza: njuga ikichomoka huishia mdomoni.

Mlango wa uani ulipewa kengele ya sumaku, zile ndogo zinazouzwa na wamachinga. Ndani yake mna kijichupa cha kioo chenye ndimi mbili za chuma. Sumaku iliyo kwenye ubao wa mlango ikiwa karibu ndimi hizo hugusana, ikisogea huachana na kengele hupiga. Ni teknolojia ya mwaka 1936 ya Walter Ellwood wa Bell Labs, na haijahitaji mabadiliko makubwa. Kinachonitia wasiwasi ni betri. Nyingi ya kengele hizi hutumia betri za kitufe, na betri ya kitufe ikikwama kwenye umio wa mtoto, hasa ile pana ya lithiamu, huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Kifaa cha kumlinda kinakuwa na kitu kibaya kuliko hatari kinayomkinga nayo. Seremala alikipigilia juu ya fremu na kuongeza skrubu kwenye kifuniko, lakini betri zilizokwisha zilikuwa bado ziko kwenye droo nilipomuuliza. Zilitupwa siku hiyohiyo, chooni.

Turudi kwenye komeo. Hadi hapa unaona kwa nini lingeweza kufungwa bila kuvunja sharti: halihitaji ufunguo, linasukumwa kwa mkono mmoja, na bibi analifikia. Kwa mtoto, mita moja na ushee pamoja na kiti inakuwa kama 150, hivyo 160 inamwacha na upungufu mdogo tu, ambao mwakani utakuwa umekwisha. Kuna kasoro nyingine ambayo seremala aliikubali. Dada yake mtoto, wa miaka saba, naye hafiki. Usiku wa moto huenda yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kufika mlangoni. Kwa sasa wamemfundisha kukimbilia mlango wa mbele, ambao ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari anaoufikia, ndani ya chumba cha wazazi.

Limebaki dirisha. New York ilipolazimisha vizuizi vya madirisha mwaka 1976 katika majengo yenye nyumba tatu au zaidi wanamoishi watoto wa miaka kumi na chini yake, sheria iliacha kando dirisha linaloelekea ngazi ya moto, kwa maana kizuizi kinachomwokoa mtoto asianguke kisije kikamzuia kutoroka. Nondo zetu hazikufikiriwa hivyo, zilifikiriwa kwa ajili ya mwizi, na huchomelewa pande zote nne. Fundi wa kuchomelea anaweza kukata kipande kimoja cha nondo za dirisha la bibi, akakitia bawaba na komeo la ndani, kazi ya nusu siku. Seremala ameshapata bei. Anamsubiri mwenye nyumba, ambaye anasema dirisha linalofunguka ni mwaliko kwa wezi, na ambaye bado hajakubali hata kuja kuliona.