Wivu kama Hukumu Isiyo na Ushahidi katika Filamu ya Awaara (1951)

Filamu ya Awaara, iliyoongozwa na Raj Kapoor, ni miongoni mwa filamu za Kihindi zilizopendwa sana katika majumba ya sinema ya pwani ya Afrika Mashariki. Aghalabu hutazamwa kama kisa cha mapenzi ya Raj na Rita. Hata hivyo, chanzo cha mgogoro wake mkuu ni wivu wa ndani ya ndoa.

Jaji Raghunath alimtia hatiani Jagga kwa imani kwamba mtoto wa mwizi huwa mwizi, imani inayokaribiana na methali “Mtoto wa nyoka ni nyoka”. Jagga, akiwa sasa jambazi, anamteka Leela, mke wa jaji. Anapogundua kuwa ni mjamzito, anamwachilia, kwani anajua kwamba shaka pekee itatosha kulipiza kisasi. Kinaya ni dhahiri: mtu ambaye kazi yake ni kupima ushahidi anamfukuza mkewe usiku wa mvua kwa sababu ya maneno ya watu. Katika Othello ya Shakespeare, Iago hulazimika kuitumia leso kama ushahidi wa uongo. Raghunath hahitaji hata leso.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka Baraza la Usuluhishi wa Ndoa katika ngazi ya kata, ambako kwa kawaida mgogoro husikilizwa kabla ya maombi ya talaka kufika mahakamani. Akipimwa kwa kigezo hicho na mtazamaji wa Temeke au Kinondoni, kosa la Raghunath si kushuku tu, bali kuwa mlalamikaji na hakimu katika shauri lake mwenyewe.

Mbinu rejeshi inalirekebisha kosa hilo kwa kiasi. Kisa chote kinasimuliwa ndani ya kesi ya Raj, ambapo Rita, wakili wake, anamhoji jaji hadharani. Ndoa inapata usikilizwaji ilionyimwa awali, lakini Leela amekwisha kufa. Mwishoni Raghunath anaomba msamaha kwa mwanawe, gerezani. Mke aliyedhulumiwa hapati fursa ya kuukubali wala kuukataa. Kwa hiyo, filamu inafaulu kukanusha dhana ya urithi wa uhalifu, ilhali wivu wa mume inauhukumu nusu tu.