Hema katika bonde la Rwizi: kwanza mahali, kamba baadaye

Mto Rwizi hushuka kutoka vilima vya Buhweju, hupita katikati ya mji wa Mbarara nchini Uganda, kisha hupoteza kasi na kutanda kwenye vinamasi vya mafunjo na maziwa. Mfumo huu wa Mburo na Nakivale uliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Upande mmoja kuna makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Upande mwingine kuna Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983. Huko hifadhini ndiko tulikopiga kambi, tukiwa na vijana wa Nakivale waliokulia chini ya turubai.

Uwanja wa kambi uko kando ya ziwa, karibu na Rwonyo, na hauna uzio. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kusoma ardhi kabla jua halijazama. Kiboko hushinda majini, jioni hutoka kula majani, kiasi cha kilo 40 kwa usiku, na hupenda kupita njia zilezile. Njia zake zinatambulika: kwa kuwa miguu yake imeachana sana, huacha mifuo miwili na tuta la nyasi katikati, kama barabara ya gari kijijini. Sehemu iliyopendeza kuliko zote, tambarare na yenye kivuli, ilikuwa kati ya njia mbili za aina hiyo. Tuliiacha. Hatari kubwa ya kiboko ni mtu kusimama kati yake na maji, na anayetoka hemani usiku wa manane kwenda haja anaweza kufanya hivyo bila kujua.

Tulipanda mwinuko kidogo, na hapo tukapata faida ya pili. Ziwa liko mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama juu ya mafunjo. Anayelala chini kabisa analala ndani ya unyevu. Pumzi za waliolala nazo hugeuka matone. Katika hema la tabaka mbili, mvuke hupenya kitambaa cha ndani, hugeuka maji kwenye kile cha nje na kutiririka hadi chini, mradi vitambaa visigusane na matundu ya hewa yabaki wazi. Wanaoziba kila tundu kwa kuogopa baridi ndio wanaoamka wamelowa.

Jiko tulilifunika kwa turubai, na hapo vijana wakashika usukani. Turubai la UNHCR lina mita 4 kwa 5, nyuzi za plastiki zilizofumwa na kupakwa plastiki pande zote mbili. Ukilitoboa ovyo, upepo utaendeleza tundu. Wao huweka kokoto laini ndani ya kona, hulikunjia turubai, kisha hukaza kamba shingoni. Kadiri upepo unavyovuta, ndivyo fundo linavyobana. Nyumbani wangechimba mfereji kuzunguka hema. Hifadhini hatukuchimba, mteremko ukaondoa maji badala yake.

Huu ni uhandisi, japo umefunzwa na dhiki. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kwenda watakako nchini na kufanya kazi, kwa hiyo wanaopeleka wageni Mburo wana mafundi jirani kabisa. Natamani kuona wakiwaajiri.

Mengine yalikuwa mepesi. Maji ya kunywa na makaa ya sigiri tulitoka navyo Mbarara, kwa hiyo hakuna mgunga uliokatwa. Chakula kililala garini, milango imefungwa, maana tumbili, nyani na ngiri wameshazoea harufu ya mahema.

Asubuhi tulisubiri jua likaushe kitambaa cha nje ndipo tukakunja. Hema likikunjwa bichi huota ukungu, na utando wake wa kuzuia maji huanza kubanduka. Mvua ikikulazimisha kulikunja hivyo, lianike siku hiyohiyo ufikapo Mbarara.