Umashuhuri, Ushahidi na Daraja la Tatu: Uhakiki wa Vigezo vya Kuteua Matukio na Maelezo katika Kamusi Elezo Huru

1.0 Utangulizi

Uandishi wa kamusi elezo huanza na uteuzi. Katika kamusi elezo za zamani, uteuzi huo ulifanywa na jopo la wataalamu waliojulikana kwa majina. Wikipedia, iliyoanzishwa Januari 2001 na kupata toleo la Kiswahili mwaka 2003, imeukabidhi uteuzi huo kwa wahariri wa kujitolea ambao wengi wao hawajuani. Kwa kuwa hakuna mhariri mkuu mwenye kauli ya mwisho, kanuni ndizo zinazoamua ni tukio gani lipewe makala na ni maelezo gani yaingie ndani yake. Uhakiki huu unachunguza kanuni hizo. Hoja kuu ni kwamba mjadala umeelemea mno kwenye swali la kwanza, yaani nani au nini kinastahili makala, ilhali swali la pili, la maelezo yanayoingia ndani ya makala hayo, lina athari kubwa zaidi katika kumbukumbu ya jamii.

2.0 Kigezo cha Umashuhuri na Mantiki Yake

Kwa mujibu wa mwongozo wa toleo la Kiingereza, mada huchukuliwa kuwa na umashuhuri endapo imeelezwa kwa kina katika vyanzo vya kuaminika visivyo na uhusiano na mhusika. Kwa upande wa matukio, huzingatiwa pia athari ya kudumu, upana wa eneo lililoguswa, pamoja na kina na muda wa habari zilizoandikwa. Habari iliyovuma siku moja na kusahaulika haitoshi, kwani kamusi elezo si gazeti.

Kigezo hiki kina utetezi wa haki. Bila ya kuwapo kwake, mfanyabiashara angejiandikia sifa, mwanasiasa angejisafisha na mzushi angebuni vita ambavyo havikupiganwa. Aidha, mhariri asiyebobea katika fizikia wala historia ya mahali anaweza kukitumia, kwa sababu hatakiwi kupima ukubwa wa jambo lenyewe. Anatakiwa kuangalia kama wengine wameliandika.

Hata hivyo, hapo ndipo udhaifu unapoanzia. Neno "umashuhuri" linaahidi kupima uzito wa jambo, lakini kinachopimwa ni wingi wa maandishi yanayolizunguka. Mfano unaofahamika ni wa mwanafizikia Donna Strickland wa Kanada. Mwezi Mei 2018, rasimu ya makala kumhusu ilikataliwa katika toleo la Kiingereza kwa maelezo kwamba vyanzo vilivyoambatishwa havikuthibitisha umashuhuri wake. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo alitangazwa kuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na makala yake yakachapishwa. Kazi aliyotuzwa ilikuwa imefanyika katika miaka ya 1980. Kati ya Mei na Oktoba hakuna kilichobadilika katika mchango wake kwa sayansi. Kilichobadilika ni wingi wa waliomwandika.

3.0 Maelezo ndani ya Makala: Mfano wa MV Bukoba

Kosa la aina hiyo hurekebishika, kwa kuwa kukosekana kwa makala huonekana. Upungufu wa maelezo ndani ya makala yaliyokwishakubaliwa ni mgumu zaidi kugundua. Kuzama kwa MV Bukoba kunalidhihirisha jambo hili. Meli hiyo ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, ikitokea Bukoba. Hakuna mhariri makini anayeweza kuuliza iwapo tukio hilo linastahili makala. Swali ni lieleze nini.

Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, lenye nauli nafuu, halikuwa na orodha. Kwa sababu hiyo idadi ya waliofariki haijaafikiwa: baadhi ya vyanzo vinataja watu zaidi ya 800, na vingine vinakaribia 1,000. Namba 443 ina hati nyuma yake, nayo itapita kila mtihani wa uthibitishaji. Abiria wa daraja la tatu hawana hati hiyo. Mhariri anayefuata kanuni kwa uaminifu ataitaja namba ya kwanza kwa uhakika, kisha atawagusia wengine kwa kusitasita. Hivyo basi, tofauti ya nauli iliyolipwa bandarini inageuka kuwa tofauti ya uzito wa maneno katika kamusi elezo.

Vilevile, miongoni mwa waliokufa maji alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa viongozi wakuu wa al-Qaeda. Taarifa hiyo ni ya kweli na inastahili kutajwa. Lakini kanuni inayotaka kila jambo lipewe nafasi kulingana na linavyojitokeza katika vyanzo inampa mtu huyo fursa ambayo mchuuzi wa ndizi, mwanafunzi au mama aliyekuwa akienda kuuguza mgonjwa hawezi kuipata. Anayesoma makala ya namna hiyo anaweza kuondoka akiwa na jina moja tu la marehemu, nalo likawa hilo.

4.0 Je, Masimulizi Yanatosha?

Mwaka 2011, mradi uliozaa filamu ya *People are Knowledge* ulijaribu, nchini India na Afrika Kusini, kutumia mahojiano yaliyorekodiwa kama marejeo ya makala za Wikipedia. Pingamizi lilikuwa kwamba mahojiano hayo ni utafiti mpya, na kamusi elezo haichapishi utafiti mpya. Pingamizi hilo lina msingi, kwani kumbukumbu ya mtu mmoja inaweza kukosea au kutiwa chumvi. Hata hivyo, tangu Jan Vansina alipochapisha kazi yake kuhusu mapokeo simulizi mwaka 1961, wanahistoria wana njia za kuyapima masimulizi: nani alisema, alilijuaje jambo, na wengine wanalisimuliaje. Ushahidi wa mdomo hupimika, na hati nazo hukosea.

Kwa muktadha huo, uhakiki huu hautetezi kulegezwa kwa uthibitishaji. Unapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila hati itajwe pamoja na kile isichokihesabu. Namba 443 isiandikwe bila kueleza kwamba daraja la tatu halikuorodheshwa. Pili, masimulizi yakusanywe na kuhifadhiwa na vyuo vikuu kabla ya kufika kwa mhariri. Tasnifu ya Kiswahili yenye mahojiano ya manusura, ikiwekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma, ni chanzo ambacho mhariri anaweza kukirejelea bila kuvunja kanuni.

5.0 Hitimisho

Imebainika kwamba kigezo cha umashuhuri hulinda kamusi elezo dhidi ya uzushi, lakini hakiwezi kuirekebisha rekodi iliyoanza na pengo. Pengo hilo huzibwa na watafiti wa nyanjani. Waliookolewa mwaka 1996 wakiwa watu wazima sasa wana umri mkubwa, na wanaowakumbuka abiria wa daraja la tatu kwa majina wanapungua. Wasipohojiwa, wahariri wa baadaye wataandika kwa usahihi kamili juu ya abiria 443.