Ufundi wa Kutunza Saa ya Watu Wote

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na binadamu ili mashine iyafuate, umeachwa wazi ili mtu yeyote ausome, autumie, aubadilishe na kumgawia mwenzake, na nyingi kati ya programu hizo zilianzwa na watu wasiolipwa, waliozishughulikia baada ya kazi zao za kila siku kwa kuzipenda tu. Sifa nyingi huwaendea waanzilishi. Hata hivyo, programu ikishazaliwa huwa na maisha marefu ya kutunzwa, na utunzaji huo, unapofanywa na watu wengi wanaoaminiana bila kuonana, ni ufundi unaostahili kuwekwa safu moja na ule wa seremala, mwashi na mfinyanzi, ingawa zao lake halishikiki mkononi na aghalabu hutambuliwa siku linapokosewa.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji umo mfukoni mwake. Katika mji wa Mau Narok, juu kwenye nyanda za Mau katika Kaunti ya Nakuru, ambako ngano, viazi na maziwa ndivyo vinavyoendesha siku, simu inayomwamsha dereva wa lori la viazi kabla ya mapambazuko huijua saa ya mahali hapo kwa msaada wa mkusanyo mdogo wa taarifa uitwao hifadhidata ya kanda za saa, au kwa kifupi tz. Kifaa chenyewe huhesabu sekunde kwa saa moja ya dunia nzima, kisha hifadhidata hukiambia ni kiasi gani cha kuongeza au kupunguza kulingana na mahali na tarehe. Kazi hii ilianzwa mwaka 1986 na Arthur David Olson wa Marekani, ambaye ajira yake ilikuwa katika taasisi za taifa za utafiti wa afya. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wakamletea masahihisho, na baadaye uratibu ukawa mikononi mwa Paul Eggert, mwalimu wa sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu mjini Los Angeles. Leo simu za Android na iPhone, pamoja na kompyuta zisizohesabika zinazoendeshwa kwa Linux, huitegemea hifadhidata hiyo, na karibu yote ni mali ya umma, maana yake hakuna anayedai haki ya kuimiliki.

Ufundi wenyewe huonekana vizuri zaidi mtu anapoisogelea kumbukumbu moja na kuisoma mstari kwa mstari. Kwa kawaida kanda hupewa jina la bara na la mji mmojawapo, hivyo Mau Narok, kama Kenya yote, imo chini ya jina Africa/Nairobi. Mstari wa kwanza wa kumbukumbu hiyo una tarakimu 2:27:16, yaani saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich, kipimo ambacho hakikutoka katika sheria yoyote bali katika jua lenyewe linavyopita juu ya Nairobi. Mstari wa pili unaanza Mei 1908, utawala wa kikoloni ulipoagiza saa 2 na dakika 30. Katikati ya mwaka 1928 zikawa saa 3 kamili; mwanzoni mwa 1930 zikarudi 2 na dakika 30; mwaka 1937 ulipoingia zikawa 2 na dakika 45; na tangu Agosti 1942 zimekuwa saa 3. Mistari sita tu, lakini ndani yake imo historia ya serikali iliyojaribu mara tano kuamua mchana wa watu uanze lini.

Mau Narok iko karibu na longitudo ya 36 mashariki, na kwa kuwa jua huchukua dakika 4 kuvuka kila digrii, saa yake ya asili ni yapata saa 2 na dakika 24 mbele ya Greenwich, kama dakika 3 nyuma ya Nairobi. Ndiyo sababu adhuhuri ya jua huko kwa wastani huchelewa zaidi ya nusu saa baada ya saa sita ya simu, na ndiyo sababu pia jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu badala ya saa kumi na mbili kamili, kama ambavyo hesabu ya saa ya Kiswahili, inayofuata mapambazuko na machweo, ingelitarajia. Anayeisoma kumbukumbu ile huelewa kwamba tofauti hiyo ilitiwa na mkono wa mtu, na kwamba ile saa 2 na dakika 30 iliyofutwa mwaka 1936 ulipomalizika ndiyo, kati ya zote zilizoagizwa, iliyokuwa imelikaribia zaidi jua la Mau.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kitu kilichokwisha kuandikwa sawasawa kihitaji kutunzwa. Wakulima wa Mau Narok wanalo jibu shambani. Mbegu ya ngano iliyokuwa na kinga jana hushindwa leo pasipo yenyewe kubadilika, kwa kuwa kilichobadilika ni ugonjwa: kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ikaitwa Ug99, iliivunja kinga ya jeni ya Sr31 iliyokuwa imetegemewa na nchi nyingi, na tangu hapo mbegu za ngano kutoka pembe mbalimbali za dunia hupandwa katika kituo cha utafiti cha Njoro, chini kidogo ya Mau Narok, ili zipimwe mbele ya kutu hiyo. Msimbo nao hauliwi na funza wala hauozi ghalani, ila dunia unayoieleza husogea, na usipofuatwa hugeuka uongo papo hapo ulipo.

Januari 2021, Sudan Kusini ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Februari ingeiacha saa ya Afrika Mashariki na kurudi nyuma kwa saa moja. Watunzaji walitoa toleo jipya tarehe 24 Januari, siku nane kabla, na katika siku hizo chache toleo hilo lilipaswa kupokewa na watengenezaji wa mifumo ya simu na kompyuta, kisha liwafikie watu wa Juba. Machi 2023, serikali ya Lebanon iliahirisha saa ya majira ya joto hadi baada ya Ramadhani zikiwa zimesalia siku chache tu, wananchi wakagawanyika, uamuzi ukatenguliwa. Watunzaji walitoa toleo la kuufuata uamuzi, na kabla ya wiki kuisha wakatoa jingine la kuirudisha data kama ilivyokuwa. Kuifuta hadharani kazi ya siku tano zilizopita, bila kinyongo na bila kujitetea, ni sehemu ya ustadi huu ambayo wengi wenye vyeo hawajaifikia.

Jambo linalostahili heshima kuliko yote, hata hivyo, ni maelezo. Katika mafaili ya tz, mistari inayoanza na alama ya reli (#) huachwa na mashine, kwa kuwa imeandikwa kwa ajili ya binadamu watakaokuja, na mara nyingi mistari hiyo ni mingi kuliko data yenyewe. Humo huandikwa nani alileta taarifa, siku gani, aliipata wapi, na ni wapi ushahidi unagongana. Ile tarehe ya Mei 1908 haikuwamo siku zote: kumbukumbu ya zamani iliiachia Nairobi saa ya jua hadi mwaka 1928, mpaka mchangiaji mmoja alipopekua kurasa za gazeti rasmi la serikali ya kikoloni, mwaka 2020, akaleta tarehe pamoja na namba ya ukurasa. Hakuna aliyeamka amechelewa kwa sababu ya kosa lile la miaka ishirini ya enzi ya reli. Mtu aliketi na karatasi zilizochakaa, akalisahihisha, wengine wakalikagua, likaingia; na anayetaka kulipinga anao ukurasa wa kuanzia.

Utunzaji wa pamoja si upole mtupu. Kanuni ya tz ni kwamba mahali ambapo saa zimelingana tangu mwaka 1970 panaweza kutumia kumbukumbu moja, na kwa kanuni hiyo majina ya Kampala, Dar es Salaam, Mogadishu na Addis Ababa yamekuwa viungo tu, yaani vibao vinavyomwelekeza msomaji kwenye Nairobi, huku historia zao za kabla ya 1970 zikihamishiwa faili la pembeni ambalo vifaa vingi havilitumii. Afrika ilitendewa hivyo kwa kelele chache. Miaka ya 2021 na 2022, kanuni ileile ilipozifikia Oslo na Stockholm, mabishano yalipamba moto, na mmoja wa waliopinga akaanzisha tawi, yaani nakala inayoendelezwa kando, ili kila nchi ibaki na historia yake. Upande wa mratibu ulijibu, pamoja na hoja nyingine, kwamba haikuwa haki nchi za Ulaya ziwe na upendeleo ambao nchi za Afrika hazina. Hoja ya usawa ni nzito na inampendeza msomaji wa Afrika Mashariki, ingawa usawa wa kufutiana historia ni usawa wa kimaskini, na ingefaa zaidi kumbukumbu za Kampala na Dar es Salaam zirudishwe mezani. La kusifiwa ni kwamba hakuna kilichoteketezwa: faili la pembeni lipo, chaguo la kulitumia lipo, na tawi lipo pia, kwa idhini ya uhuru uleule uliowaruhusu wote kuanza.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2011, wakati kampuni moja ya programu za unajimu ilipowashtaki Olson na Eggert mahakamani nchini Marekani ikidai haki juu ya taarifa za saa za kale. Mapema Oktoba kompyuta iliyokuwa ikihifadhi kazi hiyo ilizimwa. Kabla ya nusu ya mwezi kupita, shirika la ICANN, linalosimamia majina na namba za intaneti, lilikuwa limeipokea, na Februari 2012 madai yakaondolewa. Mwezi huohuo ulichapishwa waraka wa kueleza jinsi mratibu anavyoteuliwa na jinsi anavyoweza kubadilishwa, hivyo funguo zikatoka katika mfuko wa mtu mmoja. Wakikuyu wa nyanda za Mau wana desturi iitwayo ngwatio, ya majirani kulima shamba la huyu leo na la yule kesho, kwa zamu, na uzuri wake ni kwamba zamu huendelea hata mmoja akiugua. Watunzaji wa tz waliifikia hekima hiyo kwa njia ya mahakama, lakini waliifikia.

Mistari mitano ya kwanza ya Africa/Nairobi kila mmoja una tarehe yake ya mwisho. Wa sita, ule wa saa 3 unaoiamsha Mau Narok kila alfajiri, hauna tarehe yoyote upande wa kulia. Nafasi hiyo imeachwa tupu, na yupo anayeiangalia.