Hewa ya Nunguni na sindano ya kabureta

Chukua injini ndogo ya glo ya ndege ya rimoti, iliyopimwa vizuri Mombasa, ipandishe hadi Nunguni, uiwashe bila kugusa chochote. Itawaka. Lakini itatoa moshi mwingi, sauti yake itakuwa nzito, na ukiiacha kwa mwendo wa chini kwa muda kisha ukaifungua ghafla, itakohoa na pengine kuzima. Mwenyewe ataanza kushuku plagi, kisha betri, kisha mafuta aliyouziwa. Mara nyingi vyote vitatu ni vizima. Kilichobadilika ni hewa.

Nunguni imekaa juu katika vilima vya Kilungu, kaunti ya Makueni. Mwezi wa Julai watu wa huko hutembea na makoti wakati kule chini mjini Wote watu wanatafuta kivuli. Kwa hesabu zetu tuchukue kimo cha mita 1,700 na joto la nyuzi 20: mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kama gramu 980. Mombasa, kwa joto la nyuzi 28, ni kama gramu 1,160. Kila pistoni inaposhuka, basi, silinda ile ile inapata hewa pungufu kwa asilimia 15 hivi. Marubani wa ndege za kweli wanalijua jambo hili vizuri. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu kimo hicho hicho, na rubani wa Cessna pale hupunguza mafuta kwenye mchanganyiko kabla ya kupaa, kitu ambacho hangekifanya akiwa Mombasa.

Je, kabureta haijirekebishi? Inajirekebisha, lakini nusu tu. Hewa ikiwa nyepesi, mvuto wake kwenye koo la kabureta hupungua na mafuta yanayonyonywa hupungua pia. Tatizo ni kwamba mafuta hufuata kipeuo cha pili cha kiasi cha hewa kilichobaki, si kiasi chenyewe. Hewa ikibaki asilimia 85, mafuta yanabaki asilimia 92. Matokeo yake, mchanganyiko unazidi mafuta kwa asilimia 8 hivi, na hiyo ndiyo kazi inayobaki kwa vidole vyako na sindano inayopimia mafuta.

Injini hii haina cheche. Mmarekani Ray Arden ndiye aliyeiingiza plagi yake sokoni mwaka 1947, na tangu hapo ndege za rimoti hazikuhitaji tena kubeba koili wala betri ya kuwashia. Mafundi wetu wa magari ya dizeli wana hita plagi, na hii ni ndugu yake: msokoto wa waya wa platinamu unaopashwa moto kwa betri ya volti 1.2 hadi 1.5. Injini ikishawaka unaondoa betri. Waya unaendelea kung'aa kwa sababu ya joto la mwako, na pia kwa sababu mvuke wa methanoli ukigusa platinamu huanza kuungua wenyewe. Wakati wa mwako kwa hiyo hauamuliwi na saa yoyote. Unaamuliwa na joto la plagi, kiasi cha mafuta na jinsi hewa ilivyobanwa. Kwa kuwa Nunguni hewa inayobanwa ni kidogo, mwako huchelewa. Tiba yake ni plagi ya daraja la joto zaidi, au nitromethani kidogo kwenye mafuta. Mimi ningeanza na plagi. Ni rahisi kuipata, na nitromethani ni kimiminika cha hatari ambacho huwezi kukibeba kwenye begi la ndege.

Mafuta yenyewe ni methanoli asilimia 80 na mafuta ya kulainishia asilimia 20, kwa mchanganyiko ule wa mashindano usio na nitro. Kilainishi cha jadi ni mafuta ya mbarika, na mbarika huota hata kwenye kingo za matuta ya Ukambani. Usivutike kukamua zako nyumbani, wala usinunue chupa ya mafuta ya nywele. Injini inataka mafuta yaliyosafishwa, yasiyo na manukato wala viongezo, la sivyo pistoni itaganda kwa utomvu.

Methanoli inahitaji maneno makali zaidi. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu, Kitui na hapa hapa Makueni kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapoteza macho. Haina rangi, harufu yake ni ya pombe, na ikishika moto mchana ndimi zake hazionekani vizuri. Mkebe wake uandikwe SUMU kwa herufi kubwa, ufungiwe kwa kufuli, na usiwahi kumiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Nyumba ambayo haina kabati la kufunga isiweke mafuta haya.

Sasa tuiwashe. Mfano wetu ni injini ya 46, yaani sentimita za ujazo 7.5 hivi, ambayo imeshalainishwa kwa matangi ya kwanza yenye mafuta mengi. Kwanza toa plagi, iunganishe na betri na uiangalie kivulini: waya wote ung'ae rangi ya machungwa. Ukiwa mwekundu hafifu, betri imechoka. Plagi hula ampea 2 hadi 3, na betri ya kawaida ya tochi, ile ya zinki na kaboni, huchoka mapema kwa mkondo huo. Betri ya kuchajiwa ya volti 1.2 ni bora zaidi.

Rudisha plagi, kisha funga sindano taratibu mpaka ikome, kisha ifungue mizunguko ambayo kijitabu kinasema, kwa kawaida miwili na nusu. Najua nimesema kipimo hicho kinazidisha mafuta hapa; kwa kuwasha, hasa asubuhi ya baridi, ziada hiyo inasaidia, maana methanoli hutaka joto jingi ili igeuke mvuke, karibu mara tatu ya petroli. Fungua kabureta yote, ziba koo lake kwa kidole, zungusha propela polepole huku ukitazama bomba la silikoni. Mafuta yatapanda yakisukuma mapovu mbele yake. Yakifika kwenye kabureta, zungusha propela mara moja zaidi na uondoe kidole. Rudisha kabureta kwenye mwendo wa chini na uunganishe betri. Sasa shika propela kwa nguvu na uipitishe taratibu kwenye mgandamizo: ikikurusha mkono kwa teke dogo, iko tayari. Ikigoma kabisa kupita, usiilazimishe. Silinda imejaa mafuta, na kulazimisha kunapinda fimbo ya pistoni. Toa plagi, geuza ndege, mwaga.

Piga propela kwa kijiti kilichovikwa mpira, kamwe si kwa kidole. Ncha ya propela ya inchi 11 ikizunguka mara 11,000 kwa dakika hukata hewa kwa kilomita 580 hivi kwa saa. Mtu wa pili aishike ndege kwa nyuma, na hakuna mtu asimame mbele wala ubavuni mwa propela. Sindano irekebishwe ukiwa umesimama nyuma yake.

Ikishapata joto, dakika moja hivi, fungua kabureta yote na uondoe betri. Utasikia sauti nzito ya kukatakata, kama ya bodaboda iliyovutwa choki. Funga sindano kidogo kidogo, ukiipa injini sekunde chache kujibu kila mara. Sauti itapanda, itanyooka na kuwa mlio mmoja mkali. Endelea mpaka isipande tena, kisha rudi nyuma: fungua mpaka ishuke mizunguko 200 hadi 400 kwa dakika. Huo ndio upimaji, na asiye na kifaa cha kuhesabu mizunguko ana vidole. Bana bomba la mafuta kwa nukta moja na uachie. Mlio ukipanda kidogo kisha ukarudi, uko sawa. Ukishuka moja kwa moja, mafuta ni machache mno na injini inajipika.

Mwendo wa chini una skrubu yake, nayo huguswa baada ya sindano kubwa, si kabla. Watu wengi hugeuza mpangilio huu na kuzunguka siku nzima. Iache injini itulie chini kwa nusu dakika kisha ifungue ghafla. Ikitema moshi na kukohoa kabla ya kupanda, punguza mafuta. Ikizima papo hapo bila moshi, ongeza. Malizia kwa kuinua pua ya ndege juu kabisa kwa sekunde 10 kabureta ikiwa wazi yote. Mlio usififie. Ukififia, fungua sindano kidogo, maana hivyo ndivyo itakavyofia angani ndege inapopanda.

Kuna jambo moja ambalo mwinuko wa mahali peke yake hauliambii. Nunguni yenyewe ina hewa mbili. Asubuhi ya nyuzi 12 na mchana wa nyuzi 25 zinatofautiana kwa uzito wa hewa kwa asilimia 4 hadi 5, karibu sawa na kushuka kutoka Nunguni hadi Wote. Aliyepima injini saa nane mchana akairusha kesho yake alfajiri bila kuigusa, ameipunguzia mafuta bila kujua. Na anayeishusha hadi pwani na sindano ya Nunguni ataiunguza.

Usidanganywe na hesabu ya mizunguko. Hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini, lakini pia hupunguza mzigo wa propela kwa kiasi kile kile, kwa hiyo kifaa kitasoma karibu namba ile ile ya Mombasa. Kilichopungua ni mvuto wa propela, kwa asilimia 15. Ndege nayo inahitaji kasi zaidi kwa asilimia 8 ili ipae, na umbali wa kukimbia chini unaongezeka kwa theluthi moja au zaidi. Katika vilima vilivyokatwa matuta toka juu hadi chini, penye tambarare ni uwanja wa shule, nao una mwisho. Kwa injini hii naona propela ya inchi 11 kwa 5 ina faida kuliko 10 kwa 7: mzigo wake kwa injini ni karibu ule ule, lakini huvuta vizuri zaidi ndege ikiwa bado na mwendo mdogo.

Kabla ya kurusha, omba ruhusa ya mwalimu mkuu na uwasiliane na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kwani nchi ina kanuni za vyombo visivyo na rubani tangu 2020. Kisha weka daftari. Andika tarehe, saa, joto, aina ya plagi, propela, na sindano ilifunguliwa mizunguko mingapi. Vipimo vya Kilungu havimo kwenye kijitabu cha kiwandani. Wewe uliye huko ndiwe wa kuviandika, na ukishakuwa navyo, mpe na jirani anayeanza.