Maharage, posho na katogo: hesabu ya moto Nakivale

Anayeanza kupika Nakivale hachagui somo la kwanza. Makazi hayo ya wilaya ya Isingiro, nchini Uganda, yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, wakiwamo vijana waliofika peke yao, bila mama wala dada wa kuwapikia. Mgao wa wakimbizi ukitolewa kwa chakula, huwa ni mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Ukitolewa kwa fedha, nao humrudisha mtu sokoni kununua vilevile, maana ndivyo vinavyoshibisha kwa bei ndogo. Mgao wenyewe umepungua: ulikatwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, na mwaka uliofuata ukashuka hadi asilimia 60 ya kiwango kamili. Kuni nazo hufuatwa mbali au hununuliwa. Basi swali la mpishi mgeni ni hili: maharage makavu yataivaje kwa kuni chache?

Tuanze na maji. Pwani, maji huchemka kwa nyuzi 100. Mbarara, mji ulio jirani na Nakivale, iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko huchemka yakiwa kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa maharage, tofauti hiyo ni kubwa. Aliyekulia Bukavu, mji ulio juu zaidi, ameshazoea sufuria ya maharage kukaa motoni nusu siku. Aliyetoka Mogadishu akifuata muda wa nyumbani kwao atapakua maharage magumu, kisha atalaumu mbegu. Saa haimsaidii. Achukue punje tano kutoka sehemu mbalimbali za sufuria, azibonye kwa vidole. Ikibaki hata moja yenye kiini kigumu, bado.

Hapo ndipo wengi hupoteza kuni. Wakiona maharage hayaivi, huchochea moto. Lakini maji yakishachemka, kuni za ziada haziyapandishi joto. Huyageuza mvuke tu, kisha inabidi kuongeza maji na kuanza kuyachemsha upya. Sufuria inayotokota polepole chini ya mfuniko ina joto karibu sawa na ile inayofurika na kuzima jiko. Moto mkali ni wa kufikisha maji kwenye mchemko. Baada ya hapo vijinga viwili vikavu vinatosha.

Kazi nyingine hufanyika kabla ya kuwasha jiko. Maharage yachambuliwe, yaoshwe, yalowekwe usiku kucha katika maji yenye vijiko viwili vidogo vya chumvi kwa kila lita. Chumvi hulegeza ganda kwa kuondoa baadhi ya madini yanayolikaza. Asubuhi maji hayo yamwagwe. Magadi huivisha haraka, lakini huharibu vitamini B1, kwa hiyo mwenye kuishi kwa maharage asiyazoee. Nyanya zisubiri hadi punje zilainike, kwani uchachu wake hulikaza ganda. Anayetia kila kitu kwa pamoja ili amalize mapema ndiye anayechelewa kula.

Kubana kuni kuna mpaka wake. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, na joto hafifu haliiondoi. Ni lazima yachemke kweli kwa nusu saa. Baada ya hapo sufuria yaweza kuepuliwa, ikafungwa kwa majani ya migomba na blanketi zito, ikaendelea kuiva kwa joto lake. Kisha irudishwe motoni kumalizia. Kuifunga kabla ya nusu saa hiyo ni kujitafutia tumbo la kuendesha.

Posho, yaani ugali wa mahindi, ina hesabu tofauti. Wanga wa mahindi huanza kukaza kwenye nyuzi 62 hadi 72, hivyo mwinuko wa Mbarara hauudhuru. Tatizo la mgeni ni mabonge: unga mwingi ukidondokea maji yanayochemka, tabaka la nje huiva na kuufungia unga mkavu ndani. Dawa yake ni kukoroga unga kidogo katika maji baridi, kuutia katika yanayochemka ukawa uji, kisha kuongeza uliobaki kidogo kidogo huku mwiko ukisonga.

Mtihani wa kufunga somo unapatikana katika vibanda vya chakula vya Mbarara, mji uliozungukwa na migomba. Katogo ni matoke (ndizi za kupika) yaliyopikwa sufuria moja na maharage au matumbo, na watu huila asubuhi. Kwa mwenye jiko moja hakuna chakula kinachomfaa zaidi. Maharage yatangulie hadi yalainike. Vifuate kitunguu na matoke yaliyomenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta, ili utomvu usigande. Nyanya na chumvi zije matoke yanapokaribia kuiva. Kila kiungo huingia kulingana na muda kinaohitaji.

Ndiyo maana ningemfundisha mgeni maharage kwanza, ingawa posho ni rahisi zaidi. Posho humpa shibe ya siku hiyo. Maharage humfunza kuloweka, kupanga, kupunguza moto na kuonja kabla ya kuamua, na akifika kwenye katogo hatahitaji kuandikiwa hatua. Ataangalia kilichomo sufuriani na kujua kinachofuata.